Mjomba Doh Wah na Njia ya Tembo

Watu wa huku mpakani wana majibu mengi kuhusu kwa nini Saw Doh Wah aliacha jeshi. Wengine husema uzee. Wengine husema alihongwa na Waburma, na hao nikikutana nao sokoni ng'ambo ya Mto Moei, upande wa Wathai, huwa natamani kuwamwagia supu. Mchungaji wetu yeye husema Mungu alimwita. Mungu gani huyo anayemwita kamanda katikati ya masika, kikosi kizima kikiwa kwenye tope? Mimi ndiye niliyebeba simu yake ya upepo tangu nikiwa msichana, na mama yangu ni dada yake wa tumbo moja. Nilikuwepo. Bibi, mama yao, sasa amekufa na nyumba yake tumeibomoa nguzo kwa nguzo, kama desturi inavyotaka, kwa hiyo maneno yaliyosemwa ndani yake hayana tena mlango wa kuyafungia. Na yule mtu mwingine ambaye yangemuumiza kuyasikia, malaria imemchukua. Basi nitasimulia.

Mjomba alizaliwa katika nyumba ya tembo. Baba yake, yaani babu yangu, aliendesha tembo wa kuvuta magogo ya msaji huko juu kwenye milima ya Dawna, na wanawe wawili wa kiume walikulia shingoni mwa wanyama hao, Doh Wah mbele, mdogo wake Eh Gay nyuma amemshika kiuno. Tembo wana njia zao. Hupenya kwenye mianzi na kushuka kati ya majabali mahali ambapo mgeni angekuapia kwamba hata paka hapiti. Babu aliwafundisha wavulana wake njia hizo zote, mama yangu akaachwa jikoni, na mpaka leo analalamika. Kisha jeshi la Burma likamchukua Babu akalibebee risasi, na hakurudi. Tembo wakatawanyika, wavulana wakaingia msituni kwa waasi wetu. Ndivyo watu wa huku wanavyoingia jeshini. Hakuna anayeomba kazi.

Ukisikia kamanda wa waasi usifikirie jitu. Mjomba alikuwa mfupi, meno mekundu kwa tambuu, na nguo zake alizishona mwenyewe akisema vijana wanaharibu uzi. Aliogopa ruba. Mtu aliyevuka mito huku anapigwa risasi, akiona ruba mguuni ananiita, "Lweh! Lweh! Njoo uondoe mdudu huyu!" Askari walikuwa wakicheka hadi wanashika matumbo, naye aliwaacha wacheke.

Lakini uongo hakuujua. Wakubwa wa makao makuu walipomtaka aongeze idadi ya maadui waliouawa, aliwajibu, "Hao wengine nitawatoa wapi? Niwazae?" Askari wake akifa, alikwenda mwenyewe kwa mama wa marehemu na kumweleza ilivyokuwa, hata kama ilikuwa aibu. Nilimsikia akimwambia mama mmoja, "Mwanao alikanyaga bomu letu wenyewe. Nililitega mimi." Yule mama alimlaani siku nzima, lakini hakwenda kumuuliza mtu mwingine. Katika mpaka wote huu, kuanzia kwa wachuuzi wa ng'ombe hadi kwa Wathai wa kituo cha forodha, mtu akisema "Doh Wah kasema," mjadala ulikwisha.

Alioa muuguzi wa kambi yetu ya Klo Hta, Naw Ler Paw, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha wafu. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wanataniana mbele za watu kama vijana, na mimi nilikuwa naona haya kwa niaba yao.

Halafu jeshi letu likapasuka. Sitayafukua yote hapa. Askari Wabudha walichoka kuamriwa na wakubwa Wakristo, wakubwa wakaziba masikio, na siku moja nusu ya watu tuliokula nao wakawa upande wa pili, bega kwa bega na jeshi la Burma. Mjomba alibatizwa shuleni. Eh Gay alikuwa Mbudha. Bibi naye alikuwa na mizimu yake. Nyumba moja, dini tatu, na hatukuwahi kugombana isipokuwa juu ya chumvi. Eh Gay alikwenda na wenzake bila kuaga.

Kiangazi kilekile Klo Hta ikaanguka. Adui hakuja kwa mbele, tulikokuwa tumetega mabomu. Alishuka kwa nyuma, kwenye majabali, kwa njia ya tembo. Mlinzi mzee aliyekuwa akikaa huko juu alikufa wa kwanza, wala hakuwahi kupiga kelele. Naw Ler Paw tulimkuta kwenye ngazi ya zahanati, chupa ya dripu bado iko mkononi.

Watu walioijua njia ile na bado wanaishi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa pamoja nasi akipigana hadi risasi zikamwishia. Hesabu hiyo hata mtoto angeifanya, na askari wote waliifanya. Mjomba peke yake hakuifanya, au aliifanya na hakutaka kuona jibu. Hata siku moja hakumtaja nduguye, wala kumsema vibaya, na nilimchukia kidogo kwa hilo.

Miaka ikapita, na Bibi akaanza kukauka. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alikataa wali, akakataa supu ya machipukizi ya mianzi, akakataa hospitali ya ng'ambo. Mjomba alipokwenda kumwona kijijini, nami nyuma yake na simu yangu, alimkuta amelala ameelekea ukutani.

"Nataka mlo wa ukoo," Bibi akasema.

 Mlo wa ukoo haupikwi hivihivi. Anaumiliki mama, na lazima kila aliyetoka tumboni mwake, na watoto wa binti zake, wawe ndani ya nyumba na kula kwenye sinia moja. Akikosekana mmoja, hakuna mlo, na mgonjwa ajiandae kwenda. Mgeni haingii. Silaha haziingii.

"Mama, mimi ni Mkristo," Mjomba akajaribu.

"Mungu wako namheshimu. Lakini alikuzaa yeye?"

"Hapana."

"Basi utakula. Na mdogo wako atakula."

"Mama, Eh Gay yuko upande wa pili. Akija huku watamuua."

"Nani atamuua? Si wewe ndiye mkubwa wa hao wauaji?" Bibi akageuka kumtazama. "Niahidi ataingia na atatoka. Sitaki ahadi ya kamanda. Nataka ya Doh Wah."

Mjomba akatoa ahadi. Ujumbe ulivushwa na kikongwe mmoja muuza tambuu, ambaye majeshi yote mawili yalimpenda kuliko majenerali wao, na jibu likarudi haraka: Eh Gay atakuja siku ya mwezi mpevu, kupitia kivuko cha kijito chini ya kijiji. Hakukuwa na mahali pengine pa kupita. Kwingine kote kulikuwa na mabomu, na mvua ilikuwa imeyahamisha hata sisi tulioyatega tukawa hatuyajui.

Siri huku mpakani huishi muda mfupi kuliko maziwa juani. Makao makuu wakasikia. Asubuhi ya siku yenyewe simu ikalia, nikaipokea mimi, na Mjomba yuko kando ananyoa ndevu.

"Wanasema akija umshike," nikamwambia. "Akikataa, ummalize."

Hakugeuka kutoka kwenye kioo. "Waambie mvua imekula maneno. Warudie."

Wakarudia.

"Waambie imekula tena."

"Mimi nimesikia vizuri, Mjomba." Aliyesema hivyo alikuwa Kapteni Kaw Hser, msaidizi wake, amesimama mlangoni na bunduki begani. Kapteni hakuwa ndugu yetu, ila kikosi kizima kilimwita kamanda Mjomba. Yeye alikuwa mtoto wa yule mlinzi mzee wa kwenye majabali. Alikuja kwetu baada ya Klo Hta, kijana mwenye macho makavu, na Mjomba alimlea, akamfundisha, akampandisha cheo. Kama Mjomba alikuwa na mtoto, alikuwa huyu.

"Masikio ya kijana ni mazuri," Mjomba akasema. "Basi umesikia pia kwamba nimetoa neno."

"Neno kwa msaliti?"

"Kwa mama yangu."

"Na mimi sikuwa na baba?" Sauti yake ilipanda, kisha akaishusha. "Watu wanasema ni yeye aliyeonyesha njia. Wewe hujawahi kuniambia ndiyo wala hapana."

"Kwa sababu sijui. Nisilolijua silisemi."

"Muulize basi. Si mtakula naye?"

Mjomba akafuta povu shavuni. "Kwenye mlo haulizwi mtu swali la vita."

"Vizuri. Nitamsubiri kivukoni. Siingii kijijini, mimi si mtu wa kuvunja mlo wa wazee. Lakini akitoka, Mjomba, pale ni pangu." Akapiga saluti, akaondoka. Nilitaka kumkimbilia nimwambie kitu, na sikujua kitu gani, maana nilikuwa upande wake. Natamka wazi: nilitaka Eh Gay afe.

Basi tukaenda. Kwenye njia ya kuingilia kijijini mama yangu alikuwa ameshaning'iniza nyota ya mianzi iliyosukwa, alama kwamba ndani kuna mlo na mgeni arudi. Mjomba akavua bastola, akavua kisu, akavitundika kwenye mti nje ya alama. Nami nikaacha simu. Alionekana mdogo bila mkanda, na shati lake la kufumwa kienyeji lilimbana tumboni.

Eh Gay alikuwa tayari amefika. Watu wake wenye bunduki walibaki ng'ambo ya kijito, yeye akapanda peke yake. Nilitegemea kuona shetani. Nikaona mzee aliyekondeana, kipara, anayecheka kwa aibu akishika nguzo ya ngazi.

"Kaka, umenenepa," akasema.

"Wewe umekwisha. Hao Waburma wako hawakulishi?"

"Wananilisha. Ila ni maharage matupu."

Mama akawapigia kelele wote wawili waoshe miguu. Ndivyo walivyokutana, baada ya miaka yote ile.

Bibi aliketishwa katikati ya nyumba, ameegemea mto. Nguruwe mdogo akachinjwa, na Mama akaitoa nyongo, akamletea Bibi kwenye jani la mgomba. Nyongo ya mlo mzuri huwa imejaa na inang'aa. Hii ilikuwa imelegea, ina rangi ya maji ya mfereji. Bibi aliitazama kwa muda, kisha akaisukuma kando.

"Kuna mtu ameingia na neno tumboni," akasema. "Mlo hauliki hivi. Kila mtu atoe lake, kisha tuchinje tena."

Nje mvua ilikuwa inaongezeka. Nilimfikiria Kapteni kule kivukoni, amelowa, kidole karibu na kifyatulio. Kila dakika tuliyokaa, watu wa pande mbili za kijito walitazamana zaidi.

Hutolewa kwa kufuata kuzaliwa. Mjomba akaanza. "Eh Gay, nimeamriwa nikukamate. Ukikataa, nikuue. Nilimwahidi Mama kwamba utatoka, na utatoka. Ila usiku wa jana nililala nikifikiria kwamba kuna njia ya kumtii Mama na makao makuu pia, kukuacha utoke mikononi mwangu na kuwaachia wengine wamalize. Hilo ndilo neno langu."

Eh Gay akacheka kicheko kikavu. "Mimi nimeambiwa nisirudi bila wewe."

"Wajinga wawili," Bibi akasema. "Na anayewatuma ni mjinga wa tatu. Endeleeni."

Zamu ya Mama. Alikunja upindo wa nguo yake, akaufumua, akaukunja. "Mama, mimi nimechoka kukupikia. Leo chumvi imezidi, kesho chumvi imepungua. Juzi niliomba ufe nipumzike."

"Nilikusikia," Bibi akajibu. "Unaomba kwa sauti kubwa mno."

Tukacheka, hata Mjomba. Mimi nilirukwa, Bibi akasema watoto wa binti hula tu, hawatoi neno. Akabaki Eh Gay.

 Alikuwa anatazama mikono yake. Kicheko chetu kilikufa polepole, na nikaanza kusikia mvua tena.

"Kuna lingine," akasema.

"Litoe," Bibi akamwambia.

"Mama, hili si la kutolewa."

"Basi nitakufa nalo. Unataka?"

Eh Gay akamgeukia nduguye. Alikuwa na midomo mikavu, akailamba. "Njia ya tembo niliionyesha mimi. Waliniambia watashika tu ghala la silaha, watu watakimbia. Nilitangulia mwenyewe mbele ya mstari. Mlinzi mzee alinitambua, akanipungia mkono. Alidhani nimerudi nyumbani. Walimchoma kisu akiwa bado anatabasamu. Niliposikia habari ya shemeji Ler Paw nilikuwa mtoni, na nilijaribu kujizamisha, wakanitoa."

 Nilitaka kumrukia nimng'oe macho. Mama alikuwa ameuma ngumi yake. Nikamtazama Mjomba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alivaa nguo ile miaka yote akikataa kujikuna. Sasa alikuwa amekaa vilevile, miguu ameikunja, mikono magotini, isipokuwa uso umekuwa wa mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua.

Akaanza kuinuka.

"Doh Wah," Bibi akamwita. Sauti yenyewe ilikuwa pumzi tu. "Ukivuka ngazi ile sasa, mlo umevunjika, na mimi nimekwenda. Sikuzuii. Wewe ni mtu mzima. Ila jua unavuka nini."

Alisimama katikati ya chumba. Nje ya alama ya mianzi kulikuwa na bastola yake mtini. Kivukoni kulikuwa na Kapteni. Alichohitaji ni kushuka ngazi na kuita, na haki ya mkewe ingepatikana kabla ya jua kuzama, na hakuna mtu katika mpaka mzima ambaye angemlaumu. Nilikuwa namwomba moyoni, shuka, Mjomba, shuka.

Akaketi.

"Chinjeni," akasema.

Tulimchinja jogoo wa Mama, maana nguruwe mwingine hatukuwa naye. Nyongo ilitoka imejaa, inang'aa kama shanga ya kijani. Bibi akaichukua kwa vidole vyake akatuonyesha mmoja mmoja. Kisha sinia likaletwa, wali na nyama na damu iliyopikwa, na Bibi akatukumbusha sheria, kwa ajili yangu zaidi, maana nilikuwa sijaijua vizuri. Kila mtu tonge moja, kwa zamu ya kuzaliwa. Na tonge hilo likae tumboni hadi jua la kesho. Anayelitapika kabla ya hapo amemtapika mama.

Bibi akala. Ikawa zamu ya mzaliwa wa kwanza.

Mjomba aliutia mkono kwenye sinia, akakusanya wali, akaubonyeza. Akaushika pale. Tulimtazama. Tonge lilianza kumomonyoka kati ya vidole, akalikusanya upya. Eh Gay alikuwa ameinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua. Sijui ilichukua muda gani. Mvua ilipungua, ikaja tena. Kisha Mjomba akafumba macho akatia mdomoni, akatafuna, akatafuna kupita kiasi kama mtu mwenye jino bovu, na mwisho nikaona koo lake linapanda na kushuka. Mama akafuata. Eh Gay akafuata akilia. Mimi nilikula kwa hasira, na wali ulikuwa mtamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Baada ya hapo Bibi akaomba bakuli zima. Mtu aliyekuwa amekataa chakula wiki hizo zote akala na kudai pilipili.

Ukafika wakati wa kuondoka. "Nitakwenda mwenyewe, Kaka," Eh Gay akasema. "Inatosha. Neno lako umelitimiza, nimeingia na nimekula."

"Nilisema utaingia na utatoka," Mjomba akamjibu bila kumtazama. "Tangulia."

Pale kwenye mti hakuichukua bastola. Nilibeba simu yangu, na silaha zake nikaziacha zining'inie, maana sikuambiwa.

Kijito kilikuwa kimejaa. Upande wetu Kapteni Kaw Hser na watu wake walikuwa wametandaa nyuma ya mawe, bunduki mbele. Ng'ambo, watu wa Eh Gay vivyo hivyo. Mjomba akampita nduguye, akaingia majini hadi kiunoni, akasimama katikati ya kivuko, kisha akamwashiria amfuate. Sasa risasi ya upande wowote ingempata yeye kwanza. Ruba walikuwa wanaogelea pale, niliwaona, na hakuita mtu.

Kapteni akasimama nyuma ya jiwe lake. "Mjomba, toka kwenye maji."

"Sitoki."

"Nimepewa amri na walio juu yako."

"Najua. Nilikuwepo."

Kapteni akaiinua bunduki. Bunduki ilielekea kifuani mwa Eh Gay, na kati ya bunduki na kifua kile kulikuwa na bega la mtu aliyemlea. "Basi niambie jambo moja tu, nami nitashusha silaha. Mmekula naye. Mmekaa naye mchana kutwa. Ni yeye aliyeonyesha njia ya tembo? Ni yeye aliyemuua baba yangu?"

Maji yalikuwa yanapiga kelele. Eh Gay alifungua mdomo, na nikajua atasema kweli, alikuwa na uso wa mtu anayetaka kumaliza. Mjomba akamshika mkono chini ya maji.

"Hapana," Mjomba akasema. "Si yeye."

Kapteni akamtazama.

"Unaapa?"

"Doh Wah kasema."

Basi. Bunduki ikashuka. Hakuwa na shaka hata chembe, unaona, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Alijipangusa uso kwa mkono wa shati, akawaambia watu wake warudi nyuma, kisha akapaza sauti kwa Eh Gay, kwa adabu kabisa, "Samahani, mzee. Watu wanasema maneno mengi." Eh Gay alivuka kwa magoti zaidi kuliko kwa miguu, na watu wake wakamvuta ukingoni kwa makwapa.

Kapteni alimsubiri Mjomba atoke majini. Mjomba akamwambia atangulie kambini na vijana, wakauke, wanywe kitu cha moto. "Na wewe, Mjomba?" "Nakuja." Wakaondoka kwa mstari, na nilimsikia Kapteni akiwatania wenzake njiani, akicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, chepesi, cha mtu aliyetua mzigo.

Walipopotea kwenye mianzi, Mjomba akapiga magoti kwenye matope. Tumbo lilimruka. Niliona linavyomkamata kutoka chini hadi mabegani, na macho yakamtoka, na nikakimbia kumshika. Akanisukuma kwa kiwiko. Aliufunga mdomo kwa viganja vyote viwili, kimoja juu ya kingine, akaminya hadi vidole vikawa vyeupe. Likamjia tena. Akameza. Likamjia mara nyingine, machozi na makamasi yanamtiririka juu ya mikono, akameza tena, akaketi hivyo ameinama na kuyumba hadi mwili ulipochoka kupigana naye.

Nilikaa kando yake. Nilikuwa nimemkasirikia tangu asubuhi, na sasa sikuweza kuipata ile hasira hata nilipoitafuta.

Baada ya muda akaondoa mikono. Ruba mmoja alikuwa amemng'ang'ania shingoni na mwingine nyuma ya goti, nikawaondoa, hakushtuka.

"Washa simu," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Waambie makao makuu kwamba kikosi nimemwachia Kaw Hser, kuanzia sasa hivi. Wakiuliza sababu, waambie wanachopenda."

"Mjomba, kwa nini? Umeshinda. Amekuamini."

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mjinga wa nne.

"Kesho asubuhi atanipigia saluti, Lweh," akasema. "Nitaipokeaje?"